Mnasihi asiwe mshika fimbo

Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala wa unasihi, yaani ushauri kwa wanafunzi wenye matatizo, katika shule za sekondari za Mtwara na Lindi. Hoja yangu ni moja: mwalimu wa unasihi asiwe huyohuyo wa nidhamu. Mwanafunzi aliyechapwa Jumatatu hawezi kumfungulia moyo mwalimu yuleyule Jumatano. Atajibu "niko sawa, mwalimu," huku akivuta uzi wa sare, na shauri litaishia hapo.

Ustahimilivu, ambao unasihi hulenga kuujenga, hufundishika, lakini si kwa hotuba ya mstarini. Kinachofaa ni kikundi cha wanafunzi 8 hadi 12, kipindi kimoja cha dakika 40 kila wiki, chini ya mkorosho ambako wanaonekana lakini hawasikiki. Waanze na pumzi: kuvuta kwa hesabu ya 4, kutoa polepole kwa hesabu ya 6, kwa dakika 3, kwa kuwa kutoa pumzi taratibu hutuliza mapigo ya moyo. Kisha anayetaka ataje hisia yake kwa jina. Hasira na aibu si kitu kimoja, na anayezichanganya hupigana pale ambapo angeomba msaada. Usiri nao una mpaka: mtoto akisema anaumizwa nyumbani, taarifa iende kwa ofisa ustawi wa jamii au simu ya msaada kwa watoto, namba 116.

Halmashauri zitenganishe majukumu ya unasihi na ya nidhamu kabla shule hazijafunguliwa Januari, na kipindi kiingizwe kwenye ratiba. Novemba iangaliwe zaidi: mtihani wa Kidato cha Nne huja wakati nyumbani mikono inahitajika kuokota korosho.

Msomaji,
Mtwara