Kasi ya mwanga si suala la injini

Mhariri,

Kila zinapotoka habari za vyombo vya anga za juu, hakosekani msomaji wa kudai kwamba tukipata injini yenye nguvu za kutosha tutaipita kasi ya mwanga, mbona hata ya sauti ilidhaniwa haipitiki. Nawasihi tuachane na ulinganisho huo. Unawapotosha vijana wanaopenda sayansi.

Kasi ya sauti haikuwahi kuwa mpaka wa maumbile. Risasi ziliipita miaka mingi kabla ya Chuck Yeager kuipita kwa ndege mwaka 1947. Mwanga ni jambo jingine kabisa: kasi yake ndiyo mpaka wa maumbile, na ushahidi wa hilo haukuishia kwenye maandishi ya Einstein ya mwaka 1905.

Mwaka 1964 Mmarekani William Bertozzi alichapisha jaribio ambalo natamani kila mwalimu wa fizikia alisimulie darasani. Alirusha elektroni umbali wa mita 8.4 na kupima muda zilioutumia. Zilipopewa nishati ya elektronivolti (kipimo cha nishati ya chembe ndogo) nusu milioni, zilikwenda kwa takriban asilimia 87 ya kasi ya mwanga. Akaipandisha nishati hadi ikawa mara 30 ya ile ya kwanza. Kwa hesabu za Newton, zilipaswa kwenda zaidi ya mara 7 ya kasi ya mwanga. Wapi! Ziliikaribia tu, hazikuipita. Wala nishati haikupotea njiani, kwani alipima pia joto la kisahani cha alumini zilichokigonga, akaikuta humo.

Chombo cha angani nacho kimeundwa kwa elektroni, protoni na nyutroni. Kuifikisha kilo 1 tu kwenye asilimia 99 ya kasi ya mwanga kunadai nishati sawa na kilo 6 za maada zikigeuzwa zote kuwa nishati. Asilimia 100 inadai nishati isiyo na kikomo. Injini gani itaitoa?

Kazi ya wahandisi iko chini kabisa ya hapo. Parker Solar Probe, chombo chenye kasi kuliko vyote, kilifikia kilomita 192 kwa sekunde Desemba 2024, yaani asilimia 0.06 ya kasi ya mwanga, tena kwa kuvutwa na Jua. Tukifika asilimia 10 tu, safari ya Proxima Centauri, nyota iliyo jirani zaidi na Jua, itachukua miaka kama 42. Hilo ndilo ningependa lijadiliwe kwenye kurasa zenu.

Msomaji wenu