Shukrani baada ya khitma ya baba, pamoja na habari ya Harlo Taerum

Assalamu alaykum. Sisi watoto na wajukuu wa marehemu baba yetu, tulioko Calgary na tulioko Mombasa, tunawashukuru nyote mliosimama nasi tangu siku ya msiba hadi khitma. Mliosafisha na kukafini, mliobeba jeneza, akina mama mliokesha jikoni, mliopiga simu kutoka Lamu, Muscat na London: kwa majina hatutawamaliza. Mwenyezi Mungu awalipe.

Wengi mmetuomba ile habari iliyosomwa baada ya khitma tuiandike. Ulikuwa usia wa baba wajukuu wasomewe habari za Harlo Taerum, Mkanada aliyeongoza njia ya ndege katika Vita vya Pili vya Dunia, na tunamshukuru mzee wetu aliyeisoma bila haraka. Baba alikuwa mwalimu wa chombo, yaani mjuzi wa njia baharini, enzi za majahazi, na mwenye kazi kama hiyo ndani ya ndege ya vita naye alimwita mwalimu. Rubani anaushika usukani, lakini njia anaijua mwalimu.

Taerum alizaliwa tarehe 22 Mei 1920 huko Milo, kijiji cha wakulima wa ngano hapa Alberta. Baba yake, Mnorwe, alikufa maji mwaka 1930 akijaribu kumwokoa mtu. Mama Hilda akabaki na watoto wanne. Vita vilipoanza, Harlo alijiunga na jeshi la anga la Kanada, akahitimu uongozaji wa ndege, akapelekwa Uingereza. Alifanya safari zake za vita na Kikosi cha 50, kisha akachaguliwa Kikosi cha 617 kilichoundwa mwaka 1943, akawa mwalimu wa ndege ya kamanda Guy Gibson.

Kwenye Lancaster, ndege kubwa ya mabomu ya Waingereza, mwalimu alikaa nyuma ya rubani, ubavu wake ukielekea mbele, mezani pake pana ramani, penseli na taa ndogo iliyozibwa kwa pazia ili mwanga usionekane nje. Hesabu yake ni ile ile ya jahazini: dira, mwendo, saa na upepo. Upepo ndio unaoharibu mambo. Ukikosea digrii moja, kila maili 60 umetoka njiani maili moja. Na ndege iendayo maili 220 kwa saa, dakika moja ya kuchelewa kugeuka ni karibu kilomita sita. Kulikuwa na chombo cha redio kilichoitwa Gee, lakini Wajerumani walivuruga mawimbi yake, kwa hiyo ukiingia bara unabaki na penseli na macho.

Usiku wa 16 Mei 1943 Lancaster 19 ziliondoka Scampton, Uingereza, kwenda kuvunja mabwawa ya Ujerumani. Ziliruka chini mno ili rada isizione, na ukiwa chini hivyo huoni mbali, alama ya ardhini inakupita kabla hujaiangalia ramani. Upepo wa baharini ulizidi ule waliotabiriwa, na kundi la Gibson likajikuta juu ya kisiwa cha Walcheren, Uholanzi, penye mizinga. Walipita salama, wakasahihisha njia.

Hapa tuwashukuru vijana wawili walioleta tochi na beseni la maji, maana watoto walielewa papo hapo. Bomu lao la kuvunja bwawa, lililorukaruka juu ya maji, lilitakiwa liachwe ndege ikiwa futi 60 tu, yaani mita 18, na kipima-kimo cha kawaida hakiaminiki chini hivyo usiku. Wakafunga taa mbili tumboni mwa ndege, moja mbele, moja nyuma, zikamulike chini kwa mshazari. Mwalimu anachungulia kidirisha cha kulia na kumwambia rubani ashuke, ashuke, mpaka miduara miwili ya mwanga iguse majini kama tarakimu 8. Hapo ndipo pa kimo chenyewe. Wajukuu waliisogeza tochi moja kidogo tu, na miduara ikakutana pengine kabisa. Kazi hiyo ya kuchungulia, katika ndege ya Gibson, ilikuwa ya Taerum.

Bwawa la Möhne na la Eder yalivunjika. Ndege nane hazikurudi, na wanahewa 53 walikufa. Huko chini walizama watu wapatao 1,300, wengi wao wafungwa na vibarua wa kulazimishwa kutoka mashariki ya Ulaya. Baba alisisitiza hao wasiachwe nje ya habari hii, na hawakuachwa.

Septemba 1943 Gibson, akiwa ziarani Kanada, alionana na Mama Hilda hapa Calgary. Siku chache baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 16, Harlo aliruka na kamanda mpya, George Holden, kuelekea mfereji wa Dortmund-Ems, Ujerumani. Ndege zilikuwa nane, kila moja na bomu la ratili 12,000. Juu ya mji wa Nordhorn ndege yao ikapigwa na mizinga, ikaanguka na bomu likiwa bado ndani. Wote wanane waliokuwamo walikufa. Ukungu ulifunika mfereji, ndege tano kati ya nane hazikurudi, na mfereji haukupasuka. Harlo alikuwa na miaka 23. Februari 1945 mdogo wake Lorne naye aliuawa angani.

Kaburi la Harlo liko Reichswald, Ujerumani, karibu na Kleve. Ndugu zetu mnaoishi upande huo mmeahidi kumzuru, nasi tunawashukuru kabla hamjaenda. Walio hapa, jina lake limechongwa ukutani mbele ya jumba la makumbusho ya ndege za mabomu huko Nanton, Alberta, pamoja na wenzake zaidi ya 10,000 waliokufa vitani. Baba alikuwa akilitafuta kwa kidole kila alipokwenda, na safari ijayo wajukuu ndio watakaolitafuta.

Ni sisi, watoto na wajukuu wa marehemu,
Calgary na Mombasa