Kingo za bwawa siyo lazima zege

Mhariri, naomba nafasi niwaambie wenye vibwawa vya bustani huku Mbezi na Kigamboni, acheni kuzungushia zege na tailizi kila upande jamani, chura akiingia anatokaje? Upande mmoja uacheni mteremko wa udongo, hapo kwenye tope pandeni mafunjo, matete nayo poa ila yanatambaa chini kwa chini, bwawa dogo yataliziba, bora myaweke kwenye ndoo kuukuu. Majini wekeni yungiyungi. Kerengende wachanga wanapanda mashina hayo wakitoka majini, halafu mnana wanachana majani ya matete wanasukia viota. Gugu maji msiguse, hata kama maua yake yanavutia, limetoka Amerika Kusini hilo na linasambaa mpaka linaziba maji, waulizeni wavuvi wa Ziwa Victoria.

Mpenda bustani, Mbezi