Barua kuhusu maji ya nyanya zako

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata, na habari za nyanya zako zimenikaa moyoni. Unasema kila asubuhi mita inasoma EC 2.8 (kipimo cha wingi wa chumvi majini, kwa mS/cm) kwenye tangi la maji ya mbolea, lakini matunda yanaoza kitako na ncha za mimea zinanyauka jua linapokuwa kali. Ya tangi nayaamini. Hukuniambia maji yanayochuruzika chini ya mifuko ya kokopiti (unga wa makumbi ya nazi) yanasoma ngapi, na huko ndiko mizizi iliko.

Yakinge mchana uyapime. Yakizidi ya tangi kwa 0.5 au hata 1, usiwe na wasiwasi. Yakifika 5, chumvi imerundikana. Jua likiwaka mnyanya hunywa maji mengi kuliko virutubisho, na kinachobaki mfukoni huzidi kuwa kikali hadi mizizi inashindwa kuvuta maji. Kalsiamu nayo husafiri na maji hayohayo, na nyingi huishia kwenye majani kwa sababu ndiyo yanayotoa mvuke zaidi. Tunda huambulia kidogo. Ndiyo maana kitako huoza hata tangi likiwa na kalsiamu tele. Nakusihi, usiongeze mbolea ya kalsiamu kabla ya kupima, utazidisha chumvi ileile.

Ukikuta ni hivyo, siku za joto shusha EC ya tangi hadi 2.0 au 2.2, umwagilie kidogo kidogo lakini mara nyingi, mpaka asilimia 20 hadi 30 ya maji unayotia itoke chini. Shusha polepole kwa siku kadhaa, kwani mizizi ikipata maji mepesi ghafla matunda hujaa upesi na kupasuka. Mawingu yakitanda, rudi 2.8 au 3.0. Nisingependa ubaki chini siku zote: maji hafifu hukuza majani mengi na nyanya zisizo na ladha. Karibu na 3.5 tunda huwa dogo kiasi, lakini tamu, na mimi ningekubali kupoteza uzito kidogo nipate utamu huo.

Pima pia maji matupu kabla hujatia mbolea. Mita huhesabu chumvi zote bila kuzitofautisha. Kama maji yako yana 0.8 na sehemu kubwa ni sodiamu, basi katika ile 2.8 chakula ni 2.0 tu. Na kama unayarudisha maji yaliyochuruzika, sodiamu itazidi kujikusanya kwa kuwa mnyanya huichukua kidogo sana, hata mita ikionyesha namba ileile. Hapo dawa ni kumwaga na kuchanganya upya.

Mita yenyewe ijaribu kwa maji maalumu ya kuhakiki mita, ambayo EC yake inajulikana kuwa 1.413 yakiwa nyuzi 25.

Niandikie vipimo vyote vitatu, maji matupu, tangi na ya chini ya mifuko, pamoja na saa uliyopima na jua lilivyokuwa. Nitakujibu siku hiyohiyo.

Wako daima,
Rafiki yako