Ule mlango uliokunyima usingizi

Kibokoni, Mombasa
Jumapili usiku

Shoga yangu,

Assalam aleikum. Sisi huku hatujambo, joto tu ndilo limetushika, tunalala madirisha wazi na paka wa mtaa mzima wanapigana juu ya bati.

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Umeniuliza swali ambalo nimeona siliwezi kwa simu: kwa nini filamu moja, hiyo Paranormal Activity, sebule moja, usiku mmoja, wewe ikukoseshe usingizi siku nne na mumeo alale fofofo kabla haijafika nusu? Kisha ukaongeza neno lililoniuma, kwamba labda umekuwa mwoga siku hizi. Hilo liondoe moyoni kwanza, halafu nisikilize.

Nianze na shangazi, maana yeye ndiye aliyenifungua macho.

Yule mtoto wa kaka yangu anayesoma chuo alikuja likizo na kompyuta yake na spika mbili, akatangaza kuwa Ijumaa usiku atatuonyesha filamu ya kutisha kuliko zote, The Exorcist. Ni ya mwaka 1973, imetutangulia duniani mimi na wewe, na ilipotoka Marekani kuna watu waliozimia ndani ya ukumbi, wengine wakatapika. Kijana akazima taa. Shangazi alikuwa kwenye mkeka na sinia lake la mchele, akaomba aachiwe taa ya ukumbini apate kuchagua mawe. Huku kwenye filamu mtoto wa kike anageuka uso, kitanda kinaruka, sauti nzito isiyo yake inamtoka kooni. Mimi nimekumbatia mto. Shangazi akainua macho, akatazama kidogo, akauliza, "Na siku zote hizi hakuna hata mmoja aliyemsomea dua?" Akarudi kwenye mchele wake.

Aliuliza kwa dhati. Mtu kupandwa na pepo ni jambo analolijua tangu utoto. Amekaa kwenye nyumba zilizofukizwa ubani, amesikia pepo akijitaja jina na kudai vitu vyake, ameona mgonjwa akisomewa mpaka akatulia na kuomba maji ya kunywa. Kuna njia yake, kuna watu wake. Katika filamu ile mama anampeleka mwanawe kwa daktari huyu na yule, wanampima kichwa, wanampiga picha, hawaoni kitu. Nadhani hapo ndipo watazamaji wengi wa kule walipoishiwa nguvu: daktari akishindwa, unashika nini tena? Shangazi ana cha kushika, kwa hiyo filamu ilimpita kando.

Wiki mbili baadaye, tivii ikaonyesha Titanic.

Wewe unajua ile si filamu ya kutisha. Tuliitazama tukiwa wasichana tukalia kwa ajili ya mapenzi. Shangazi hakuwahi kuiona, na mwanzo aliifurahia kweli, zile kofia, ule muziki, ile meza ya chakula. Alikuwa akisuka ukili huku anatazama. Meli ikagonga barafu, mikono yake ikaendelea. Lakini maji yalipoanza kupanda ngazi za chini, na watu wamebanana nyuma ya geti lililofungwa wanaita wafunguliwe, nikaona vidole vimesimama. Akauweka ukili chini taratibu, akainuka, akatoka barazani. Nilipomfuata nilimkuta amesimama peku, viatu ameshika mkononi.

Unakumbuka feri iliyopinduka Mtongwe tarehe 29 Aprili 1994. Walikufa watu 272, asubuhi, watu wanawahi kazini. Shangazi alikuwa akiishi Mtongwe wakati ule. Siku hiyo alichelewa kutoka kwa sababu sare ya mtoto ilikuwa haijakauka, na jirani yake waliyezoea kuvuka pamoja akatangulia. Hayo najua tangu zamani, kila mtu kwetu anayajua. Nisilolijua ni hili la viatu. Nimevuka naye Likoni miaka yote hii, na kila tukiingia feri anainama, anavua viatu, anavishika mpaka tufike ng'ambo. Nilidhani miguu inamuuma. Wala sikuwahi kuuliza. Usiku ule barazani ndipo aliponiambia kuwa mtu hawezi kuogelea na viatu.

Shoga, nililia. Siku ile ya mtoto wa kitanda kinachoruka yeye alikuwa anachagua mchele, na hii ya mapenzi na barafu imemtoa nje peku.

Tangu hapo nimekuwa nikimtazama kila mtu anachokiogopa. Mjomba wetu mvuvi, kwa mfano. Kijana alimwekea Jaws, ile ya papa ya mwaka 1975. Mjomba akashughulika na yule papa tu, jinsi anavyofungua mdomo, akasema samaki gani huyu hana uhai machoni. Na kweli alikuwa mtambo, tena mtambo uliokuwa ukiharibika kila mara kwenye maji ya chumvi, ndiyo maana mwongozaji akalazimika kumficha kwa zaidi ya saa nzima na kutuachia muziki wenye noti mbili. Ikabidi kijana amtafutie nyingine, Open Water, ya 2003, ambayo papa wake ni wa kweli. Hapo mjomba hakungoja papa. Mke na mume wamezama kuangalia samaki, mwenye mashua kahesabu watu vibaya, akaondoka. Wanaibuka juu, boti haipo, bahari tupu. Mjomba akasema, "Zima hiyo." Baadaye aliniambia, papa ana njaa yake kama mimi nilivyo na yangu, sina ugomvi naye, lakini kuachwa, hapana.

Wazee wanasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Kwenye maisha nakubali. Kwenye sinema naona mambo yamegeuka: zimwi lisilokujua hukushtua, ukapiga ukelele, ukaendelea na viazi vyako vya karai. Lile linalokujua, lililokaa nawe nyumba moja miaka, hilo hukufuata mpaka kitandani. Vijana wetu wanapima filamu kwa idadi ya mara ulizoruka kwenye kiti. Lakini kushtuka na kuogopa ni vitu viwili. Hata mlango ukipigwa na upepo nitashtuka, na dakika hiyo hiyo moyo umerudi mahali pake.

Mimi yangu ni The Blair Witch Project, ya 1999. Vijana watatu msituni, wamejipiga picha wenyewe kwa kamera za mkononi, na mchawi wanayemtafuta haonekani hata mara moja. Watu wengi huichukia kwa hilo. Kuna mahali mwenzao mmoja ametoweka, na usiku waliobaki wanasikia sauti yake inalia gizani. Nilizima. Bibi alitulea na sharti moja: ukiitwa usiku, usiitike mara ya kwanza, binadamu ataita tena. Bibi ametutoka miaka mingi, na mpaka leo nikiitwa baada ya isha nanyamaza kwanza, nangoja. Sasa filamu iniletee sauti ya mtu ninayemjua ikiita kutoka kusikojulikana? Aliyelelewa bila sharti hilo ataona miti tu.

Haya, tuje kwako. Hiyo Paranormal Activity uliyoitazama inajulikana kwa kugharimu dola 15,000 hivi, na mwongozaji aliipiga ndani ya nyumba yake mwenyewe. Alikuwa amehamia hapo, akawa anasikia sauti usiku asizozijua. Chumba cha kulala, kamera imesimama, saa zinakimbia kwenye kona, mlango unasogea kidogo. Mumeo ameona mlango. Wewe umehamia Kitengela, huko karibu na Nairobi, mwezi wa tatu, nyumba mpya, uwanda mtupu unaovuma upepo, na yeye kazi yake inamtoa usiku mara tatu kwa wiki. Humu Kibokoni ulizaliwa ukijua kila sauti: huyu paka, yule muadhini, lile ni jenereta la jirani, hiyo ni ngazi ya ghorofani inalalama. Huko hakuna sauti uliyokwisha kuijua jina. Filamu ile imeingia nyumbani kwako ikakuta mlango wako umeshaanza kukusumbua kabla yake, na hukumwambia mtu. Nisahihishe kama nimekosea.

Nimeomba ruhusa kazini. Inshallah wiki ya mwisho ya mwezi nitapanda treni ya asubuhi, nishuke Athi River, unipokee. Usiku wa kwanza tusiwashe tivii. Tuzime taa tukae tusikilize, na kila kitakacholia tuinuke tukakitafute, kama ni tangi, kama ni bati, kama ni bomba. Nitakuja na chupa ya mafuta ya nazi, bawaba za mlango ule nizitie mwenyewe.

Nimemsomea shangazi ujumbe wako wote. Anakusalimu sana, na anataka umjibu: huo mlango wa chumbani unafungukia ndani au nje?

Wako akupendaye,
Shogako wa Kibokoni