Mhariri, hao samaki wahamie wapi?

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma kwa kuazima, miaka mingi sasa, na sijawahi kuwaandikia manake nilikuwa naona barua hizi ni za walimu waliostaafu. Lakini ile ripoti yenu ya juzi ya kuchimba njia za maji huku kwetu Lamu, ile yenye picha ya bwana mkubwa amevaa kofia ya kazi na nyuma yake meli la kuchimba, imenikera mpaka nimezima jiko. Bwana huyo anasema ati samaki wakisumbuliwa watahamia kwengine tu, bahari ni kubwa. Na mwandishi wenu akaiandika vile vile akaenda zake, hakuuliza hata swali moja!

Mimi ni mama karanga. Kwa wale wa bara wasiotujua, ni sisi tunaosubiri mashua zishuke, tunanunua samaki wadogo wadogo, tunakaanga na kuuza jioni. Bahari ikiugua wa kwanza kujua ni mvuvi, wa pili ni mimi, ofisi inajua mwaka wa tatu ikiletewa ripoti.

Na msije mkasema huyu mama hapendi maendeleo. Mkanda, ile njia yetu ya maji ya boti, kabla haujachimbwa, mkitoka Amu, yaani mji wa Lamu, mnakwenda Faza au Kizingitini kule kisiwani Pate na maji yametoka, boti inakaa juu ya tope na nyinyi mnakaa nayo, jua la utosi, watoto wanalia, kuna mgonjwa humo ndani, kuna mja mzito, mnangoja maji yajae. Kwa hiyo mimi kuchimba nilikutaka na bado nakutaka. Ninachouliza ni kimoja tu, mnachimba lini na lile tope mnalimwaga wapi, na nani kawaonyesha hapo mahali.

Manake mahali pa samaki panajulikana. Tafi chakula chake ni majani ya chini ya bahari, na yale majani yanataka jua kama shamba lolote. Mkichimba, tope laini linapanda linaning'inia kwenye maji, maji yanakuwa rangi ya chai ya maziwa, jua halifiki chini, kisha tope linashuka polepole linafunika majani, linakaba na matumbawe, na pono na tewa waliokuwa wanakaa pale wanabaki hawana nyumba. Samaki mkubwa sawa, anaweza kuhama. Je mtoto wake wa urefu wa kidole aliyejificha kwenye mizizi ya mkandaa, yaani mkoko? Kamba wachanga je, kaa je? Wahamie bahari kuu wakaliwe na jodari? Huyu bwana mkubwa angeuliza mtoto yeyote wa kisiwa cha Ndau angeambiwa.

Sasa niwape kisa changu ndio mjue mbona nimeshika kalamu. Kaka yangu ni mvuvi wa madema, ile mitego ya kusuka inayozamishwa chini ya maji, si mvuvi wa kwenye karatasi, ni wa kupiga mbizi kweli. Kulikuwa na kazi ya kuchimba, tishari linabeba tope linapita, linakwenda kumwaga, hatukuambiwa wapi, BMU, kamati yetu ya wavuvi wa ufuoni, haikuambiwa, hakuna hata boya la kuonya. Asubuhi moja kaka anakwenda kutazama madema yake hayaoni, anazama, anapapasa, maji hayaonyeshi hata mkono wake mwenyewe, mwisho anagusa ncha ya dema moja imetokeza kwenye tope, mengine yote yamezikwa, na yale majani ya chini aliyokuwa akitega pembeni yake tangu enzi za baba yetu hayapo, ni tope tupu kama sakafu. Akarudi hana samaki hata wa mchuzi, na mimi sikukaanga siku ile wala zilizofuata. Tukaenda ofisi moja, siitaji, tukaambiwa twende nyingine, ile nyingine kijana mmoja mpole kweli, ana kompyuta, akamwambia kaka alete picha ya madema kabla hayajafunikwa, alete namba za GPS za mahali, na alete risiti ya kununulia. Risiti ya dema! Dema linasukwa, mwanangu, kaka yangu kalisuka mwenyewe uani kwetu, fito alikata mwenyewe, risiti aandikiwe na nani, na mti? Yule kijana akasema basi bila risiti mfumo haukubali. Tukaondoka. Nilikuwa nimevaa viatu vyangu vya Idi kwa ajili ya ile ofisi, nikavivua njiani nikatembea chini kwa hasira.

Na hizi si kelele za mama karanga peke yake. Mwaka 2018 Mahakama Kuu kule Malindi ilisema wazi kwamba mradi wa bandari ya Lamu umevunja haki za watu, kwanza haki ya kupewa habari, na wavuvi kama 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Njia ya meli ilichimbwa kwenda kina cha mita 17.5, gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021 kwa mbwembwe, meli zikapiga honi. Malipo yakaja kuwa mazungumzo, ikasemwa asilimia 65 itolewe pesa taslimu na 35 iwe vitu, boti na zana, halafu kukawa na mitingi juu ya mitingi. Na orodha ile ya wavuvi wa kulipwa, Mhariri, siku moja tumeni mwandishi akae maskani hapa aulize kuhusu orodha tu, wala asiulize kingine, mtajaza kurasa. Kuna watu wanajiita wavuvi ukiwaonyesha changu na tafi hawajui yupi mwenye miba ya sumu. Wachomwe basi wajue. Mvuvi wa kweli alikuwa baharini siku ya kuandikishwa.

Na nikiwa hapo hapo, manake nisiposema leo sitasema tena. Mwaka huo huo 2018 serikali ilipiga marufuku kukata miti nchi nzima, na mkata boriti wa huku, anayekata mikandaa kwa shoka, mmoja mmoja, kwa leseni, akaambiwa kaa nyumbani unaharibu mazingira. Lamu ndiyo ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, tena imebaki hivyo na hao wakataji wakiwa wanakata karne na karne, mashua zikipeleka boriti mpaka Uarabuni. Mtu mwenye shoka ni mharibifu. Mwenye mashine ya kung'oa kisiki na tope na kaa na mayai ya samaki kwa mpigo mmoja ni mwekezaji, anapewa ulinzi na chai. Hapo ndipo huwa nashindwa kabisa kuielewa hii hesabu, na mumewe jirani yangu aliyekuwa mkata boriti alishindwa pia, akahamia Mombasa kuendesha tuktuk.

Mtaniambia kutakuwa na wataalamu wa kukagua. Haya. Miami, Marekani, walichimba bandari yao kati ya 2013 na 2015, wataalamu wapo, vyombo vipo, sheria zipo, na tope likaua matumbawe kwa maelfu mpaka wakapelekana mahakamani. Sisi tutakaguliwa na nani, yule kijana wa risiti?

Basi nawapa dawa, bure. Kwanza kusiwe na kuchimba wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kutoka sana, mkondo una nguvu na tope linasafiri mpaka kwenye matumbawe ambayo hata hamkuyakusudia, chimbeni maji mafu, mkondo ukiwa mdogo, na mtege mapazia ya kuzuia tope, yapo, yanauzwa. Pili msichimbe upepo wa kusi ukishika, mwezi wa sita, wa saba, manake mashua zetu ndogo haziwezi kutoka nje wakati huo, tunakula humu humu ndani, na nyinyi mnakuja kuchimba humu humu ndani kwa sababu na nyinyi mnaogopa mawimbi. Tatu, ile mikutano ya kuuliza maoni ya wananchi isifanywe hotelini na soda na sambusa za baridi. Injinia apandishwe mtumbwi, asubuhi, simu aiache nchi kavu, akae na mzee wa Kizingitini kuanzia maji mafu mpaka bamvua, aonyeshwe kwa kidole hapa kuna majani, hapa kuna mwamba, hapa ndipo kamba wachanga wanakulia, aandike kwa penseli. Kisha achague mwenyewe mahali pa kumwaga tope lake, na baada ya miezi sita arudi atege dema pale pale, atakachopata kiwe ndicho chakula chake cha mchana na cha kontrakta. Kukaanga nitamkaangia mimi, mafuta juu yangu. Asipopata kitu, ugali upo.

Jina langu msilichape, kaka bado anafuatilia lile faili.

Mama Karanga,
Mokowe, Lamu