Barua kwa swahiba: medali iliyokwenda na kurudi

Mombasa

Kwako swahiba,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi sote wazima, na natumai nyumbani Tanga hamjambo, na kwamba mama magoti yamempa nafuu. Barua yako imefika. Nimeisoma na kuirudia, maana umenichokoza mahali panaponiuma, na jibu fupi la simu halitoshi.

Umeandika kwamba siku Alphonce Simbu wenu alipotwaa dhahabu ya marathoni kwenye mashindano ya dunia ya riadha Tokyo, Septemba 2025, yeye na yule Mjerumani, Amanal Petros, waliandikiwa muda mmoja, 2:09:48, picha ya utepeni ikatoa jibu na mambo yakaisha. Basi kwa nini Faith Kipyegon wetu kule Olimpiki ya Paris avuliwe medali, kisha arudishiwe, watu wakeshe wakibishana? Ukamalizia kwamba Wakenya tulibebwa, na kwamba kila kitu kingeachiwa kamera.

La Simbu kwanza, kwa sababu furaha yake bado ninayo. Tanzania, nchi ya wakimbiaji kama Filbert Bayi na Suleiman Nyambui, haikuwahi kuwa na bingwa wa dunia wa riadha hata mmoja. Christopher Isegwe alifika hadi fedha ya marathoni Helsinki 2005, Simbu mwenyewe akapata shaba London 2017, halafu asubuhi ile ya Tokyo mtu anakimbia kilomita 42 na ushei kisha anashinda kwa kifua tu, mwenzake akijirusha mzima mzima kwenye mstari. Nilipiga kelele nyumbani hadi jirani akaja kuuliza kuna nini. Hongera tena, na ninaisema kwa moyo wote.

Lakini swahiba, kamera ile inajua jambo moja. Imeelekezwa kwenye mstari wa kumalizia na inatazama kiwiliwili: si kichwa, si mkono, si mguu. Ndiyo maana Paris, kwenye fainali ya mita 100, Noah Lyles alipewa ushindi kwa 9.784 dhidi ya 9.789 za Kishane Thompson, ingawa picha iliyosambaa ilionyesha kiatu cha Thompson kimetangulia. Watu walilia kwamba Mjamaika ameibiwa. Hakuibiwa. Kiatu hakihesabiwi, kifua kinahesabiwa, na ukishalijua hilo huna tena la kubishania.

Sasa ipe kamera hiyo swali la pili: katika kundi la wanawake wanaokimbia wamebanana, mzunguko wa mwisho unakaribia, nani alikuwa na haki ya nafasi ile ya mbele? Itakuonyesha mkono umegusa mkono. Haitakwambia nani alimziba nani. Hapo lazima mtu aamue, na mtu akiamua, mtu mwingine atapinga.

Agosti 5, 2024, Stade de France, fainali ya mita 5,000. Unakumbuka kasi ilivyokuwa ya kuviziana. Zilipobaki kama raundi mbili, Kipyegon na Gudaf Tsegay wa Ethiopia wakawa bega kwa bega wakigombania uongozi, viwiko vikatoka, mikono ikashikana. Tsegay si mtu wa kusukumwa hovyo, ndiye aliyekuwa na rekodi ya dunia wakati huo, 14:00.21, na rekodi hiyo aliinyakua kutoka kwa Kipyegon huyo huyo mwaka mmoja kabla. Mbio zikaendelea. Mwishoni Beatrice Chebet, Mkenya mwenzake Kipyegon, akachomoka na kushinda kwa 14:28.56, Kipyegon wa pili kwa 14:29.60, Sifan Hassan wa Uholanzi wa tatu, Nadia Battocletti wa Italia wa nne. Tsegay alikuwa ameachwa mbali, akamaliza wa tisa.

Kisha tangazo: Kipyegon ameondolewa kwa kumzuia Tsegay. Hassan akapanda hadi fedha, Battocletti akapata shaba. Kenya ikakata rufaa, jopo likakaa na picha zake, na usiku ule ule likamrudishia Kipyegon fedha yake. Hassan akarudi kwenye shaba. Battocletti akarudi wa nne.

Wewe unaita huko kubebwa. Mimi nakuomba uitazame kanuni yenyewe, ile ya 17 ya Shirikisho la Riadha la Dunia. Haisemi kwamba anayemgusa mwenzake aondolewe. Ingekuwa hivyo mbio za kati na ndefu zingebaki bila washindi, maana hakuna fainali ya mita 1,500 wala 5,000 isiyo na viwiko. Kinachotafutwa ni mgusano uliompa mtu faida isiyo ya haki, au uliomletea mwenzake madhara. Mimi nimeutazama mkanda ule hadi naujua kwa moyo. Naona wanawake wawili wanasukumana, wote wawili, kila mmoja anatetea nafasi yake. Siioni faida aliyoiba Kipyegon pale, wala sioni kwamba pale ndipo Tsegay alipopoteza medali, kwa sababu alikuwa bado na kundi la mbele baada ya tukio, na kilichomwangusha ni kasi ya mzunguko wa mwisho. Na hata kama ningeamini Kipyegon alikosea, kumwondoa kusingempa Tsegay chochote. Medali ingekwenda kwa Battocletti, ambaye hakuguswa na yeyote katika ugomvi ule. Namhurumia sana dada huyo, kushikishwa shaba na kunyang'anywa usiku mmoja. Siku nne baadaye alipokimbia mita 10,000 na kuchukua fedha nyuma ya Chebet, sehemu moja ya kumi ya sekunde tu kati yao, nilimshangilia kama binamu.

Kitu kimoja zaidi kuhusu Kipyegon, kisha nimwache. Kesho yake asubuhi alikuwa na mchujo wa mita 1,500. Usiku aliopaswa kulala aliupitisha akisubiri kujua kama ana medali au hana. Agosti 10 akashinda ile 1,500 kwa 3:51.29, rekodi ya Olimpiki, dhahabu yake ya tatu mfululizo, na kabla yake hakuna aliyewahi kufanya hivyo katika mita 1,500.

Sasa usidhani natetea jezi. Angalia marathoni ya wanawake siku iliyofuata. Hassan na Tigst Assefa wa Ethiopia wanaukaribia utepe, Hassan anapita upande wa ndani kwenye kona, kati ya Assefa na uzio, wanagongana kwa viwiko, Hassan anachomoka na kushinda kwa 2:22:55, sekunde tatu mbele. Hellen Obiri wetu alikuwa wa tatu. Ethiopia ilipinga, ikakataliwa. Nilikuwa na marafiki wakisema Hassan aondolewe ili Obiri apande hadi fedha, na niliwauliza: jana mlikuwa mnasema kugusana si kosa, leo limekuwa kosa kwa sababu Obiri atafaidika? Kwangu uamuzi ulikuwa ule ule na ulikuwa sahihi mara zote mbili. Wewe uliyeandika kurasa nzima kuhusu Kipyegon, kuhusu Hassan hukugusa hata neno. Nijibu hilo.

Ila ninaposema jopo la rufaa lina haki ya kugeuza uamuzi, naisema kwa uchungu, na nadhani ndicho kitu usichokijua kunihusu. Nilikuwa mdogo wakati wa Olimpiki ya Barcelona, 1992. Fainali ya mita 10,000 ilibaki na watu wawili, Richard Chelimo, kijana wetu wa miaka 20, na Khalid Skah wa Morocco. Zikiwa zimebaki raundi chache wakampita Mmorocco mwingine, Hammou Boutayeb, aliyekuwa nyuma kwa mzunguko mzima. Boutayeb hakukaa kando. Akajiunga nao, mara yuko mbele ya Chelimo, mara anampunguza kasi, uwanja mzima ukipiga miluzi, hadi ofisa mmoja akaingia njiani kujaribu kumtoa. Mwishoni Skah akampita Chelimo na kushinda kwa sekunde moja hivi. Skah akaondolewa, Chelimo akawa bingwa wa Olimpiki. Morocco ikakata rufaa, na dhahabu ikarudi kwa Skah, kwa sababu kosa la Boutayeb halikuweza kuthibitishwa kuwa la Skah. Kwenye jukwaa la medali Skah alizomewa, na Chelimo akashangiliwa.

Mwaka uliofuata Chelimo aliweka rekodi ya dunia ya 10,000, 27:07.91, ikadumu siku tano kabla Yobes Ondieki hajaivunja. Mwaka 2001 alifariki kwa uvimbe wa ubongo, akiwa na miaka 29. Dhahabu ile haikumrudia.

Kwa nini nakwambia haya? Kwa sababu chombo kilichomrudishia Kipyegon fedha ni cha aina ile ile kilichomnyima Chelimo dhahabu, na mimi siwezi kukipenda Paris na kukilaani Barcelona. Lakini naona tofauti. Barcelona aliyedhurika alijulikana, alikuwa amesimama pale pale, wa pili, na waamuzi walikuwa na raundi nzima nzima za kumtoa Boutayeb kabla mambo hayajaharibika. Hilo ndilo kosa ninalolishikilia hadi leo, kuliko hukumu yenyewe. Hukumu ilikuja wakati hakuna tena cha kutengeneza. Paris hakukuwa na Chelimo.

Kitu ambacho ningependa kibadilike ni namna tunavyoambiwa. Kwenye Kombe la Dunia la soka la wanawake mwaka 2023 refa alishika kipaza sauti na kuueleza uwanja ameona nini kwenye video na ameamua nini. Riadha ifanye hivyo hivyo. Ubao wa matokeo unabadilika, jina linatoweka, herufi mbili tatu zinabaki mahali pake, na mashabiki elfu sabini wanaachwa wakisie. Ukisia, unachukua upande wa bendera yako. Ukiambiwa sababu, angalau unabishana na sababu.

Sasa zamu yako. Itazame ile kona ya marathoni polepole, tangu Hassan anapoingia ndani, kisha uniandikie kama Assefa alikuwa na haki ya kuufunga mlango ule au la. Usinijibu kwa simu. Na nisalimie wote hapo nyumbani, hasa mama.

Ni mimi swahiba wako